Jino Lililokataa Kukaa Juu ya Bati

Mara ya kwanza lilipanda vizuri, likagonga bati, kisha tukalisikia likiteremka taratibu, kama mtu ashukaye ngazi na mitalawanda, mpaka likadondoka mchangani mbele ya miguu yetu. Mara ya pili likafanya vivyo hivyo. Kitindamimba wangu, mwenye miaka sita na pengo moja jipya kabisa, akaanza kununa: mjusi hamtaki. Mama yangu alikuwa ameketi barazani akichambua mchele. Akatoa hukumu bila kuinua macho kwenye ungo.

"Enzi zetu nyumba zilikuwa za makuti. Ukirusha kitu, kinakaa. Haya mabati yenu ya msauzi hayapokei hata jino."

Mara ya tatu akarusha baba mtu, kwa nguvu za mwanamume anayetazamwa na mama mkwe. Jino likavuka kilele cha paa, likateremkia upande wa pili, likaishia kwenye gata. Sasa, kwetu hapa Mbweni, karibu na bahari, kisima ni cha kufulia na kumwagilia tu, maana maji yake yana chumvi. Mvua ikinyesha, gata ndiyo inayojaza simtanki, na maji ya simtanki ndiyo ya chai.

"Kwa hiyo tutakunywa jino langu?" mtoto akauliza.

Usiku, walipolala, nilipanda ngazi na tochi ya simu. Ndani ya gata mlikuwa na majani makavu ya mwarobaini, gololi mbili, kizibo cha soda na jino. Asubuhi nikamwambia mtoto kwamba mjusi amelichukua. Akataka kujua kama nilimwona. Nikasema nilimwona mkia. Jino lenyewe liko juu ya kabati, kwenye kichupa kilichokuwa cha iliki, na tangu siku hiyo nimelitazama mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima mwenye kazi.

Kinachomshangaza kila alishikaye jino la utoto ni kwamba halina mzizi. Ni kofia tu: enameli juu, dentini ndani, na chini yake kishimo chekundu. Lakini jino hilo hilo lingeng'oka kwa ajali mtoto akiwa na miaka mitatu, lingetoka na mzizi mrefu kuliko kichwa chake. Mzizi haukukatika wala haukubaki kwenye ufizi. Umeliwa. Jino la ukubwani linapoanza kupanda kutoka ndani ya taya, kifuko kinacholizunguka huita seli za kubomoa, ndugu wa zile zinazovunja mfupa uliochakaa ili ujengwe upya. Seli hizo humwaga asidi na vimeng'enya juu ya mzizi wa jino la utoto na kuumumunya polepole, kwa miezi mingi, leo kidogo, kesho zinapumzika, keshokutwa zinaendelea. Ndiyo maana jino huanza kucheza, kisha hukaza kidogo kana kwamba limebadili mawazo, kisha hucheza tena. Mama mwenye haraka ya kufunga uzi kwenye kitasa cha mlango anashindana na kazi ambayo ingemalizika yenyewe.

Meno ya utoto ni 20. La kwanza hung'oka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, la mwisho akiwa na 11 au 12. Mimi nina watoto watatu, yaani meno 60, na kwa miaka kadhaa sasa hakujapita mwezi ambao mtu hajafika mezani na kutangaza kwamba jino linacheza, huku akilisukuma kwa ulimi ili tuone, wakati wengine tunakula. Mawili yalimezwa, moja na muhogo wa kuchoma na jingine na kashata. Moja lilipotea shuleni chini ya dawati na likaliliwa kama maiti. Jingine liling'oka kwenye bodaboda, kati ya Boko na nyumbani, na dereva, Mungu ambariki, akasimama tukalitafuta.

Huyu wa mwisho alitutia hofu ya aina yake. Jino la utoto halijang'oka, na nyuma yake, upande wa ulimi, jingine tayari limeshachomoza. Safu mbili. Kaka yake akampa jina la Papa, jina linalouma kwa mtoto anayewaona papa wakishushwa ufukweni Kunduchi wakiwa wamekenua safu zao zote. Nilimpeleka kwa daktari wa meno nikiwa nimeshajiandalia habari mbaya. Daktari alicheka. Meno ya mbele ya chini ya ukubwani huundwa upande wa ndani wa taya, nyuma ya yale ya utoto, kwa hiyo likikosea njia kidogo hutokeza nyuma. La mbele likishang'oka, ulimi wenyewe hulisukuma la nyuma mpaka likae mahali pake. Kama la utoto halichezi kabisa na miezi inapita, hapo ndipo litolewe. Tuliondoka na mswaki wa bure, na yeye akiwa na hoja dhidi ya kaka yake.

Turudi kwa mjusi. Kila nyumba na maneno yake: kwetu anaambiwa mjusi, jirani yetu wa mkono wa kulia huwafundisha wanawe kulirushia jua, na nimekutana na waliolelewa kumwachia panya. Nchi za Kiarabu nako hulirusha kuelekea jua. Japani jino la chini hurushwa juu ya paa na la juu huwekwa chini ya sakafu, ili jipya liote likifuata uelekeo huo. Hispania mwenye kazi ni panya, na ana jina kamili, Pérez, alilopewa kwenye hadithi ya padri Luis Coloma, iliyoandikwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya mfalme mtoto, Alfonso XIII, aliyeng'oka jino akiwa na miaka 8. Ufaransa nako ni panya mdogo. Tumezoea kuziita hizi imani za wazee na kupita. Mimi nadhani wazee walikuwa wanatazama wanyama kwa makini kuliko sisi.

Maana hebu fikiri. Mjusi wa ukutani, yule anayelia usiku nyuma ya saa, ana meno madogo mengi mno, na kila moja hubadilishwa baada ya miezi michache, maisha yake yote. Hajui pengo la kudumu. Panya naye ana njia nyingine: meno yake ya mbele hayaachi kukua hata siku moja, na kama hatatafuna mlango wako, magunia yako na waya wa friji yako, yatarefuka mpaka yamzuie kula. Ukitaka kumwomba kiumbe akupe jino jipya, hawa wawili ndio wenye akiba. Hakuna mtu, kwa kadiri nijuavyo, anayemrushia jino mbuzi.

Wengi wetu wanyama wanyonyeshao tulipewa seti mbili tu, na hesabu hiyo ina sababu. Mjusi hutotolewa akiwa na meno, akaanza kuwinda siku hiyo hiyo, na meno yake hushika tu, hayasagi. Mtoto wa mnyonyeshaji huanza na maziwa. Muda huo wa kunyonya huipa taya nafasi ya kukua kabla meno hayajahitajika, na meno yakija hayana budi kukutana sawasawa, la juu na la chini, kama kinu na mchi wake. Meno yanayobadilishwa ovyo kila baada ya miezi michache hayawezi kukutana hivyo. Kwa hiyo seti moja ndogo kwa taya ndogo, na moja kubwa kwa taya kubwa, basi. Tembo amepata upendeleo kidogo: magego yake huja kwa zamu, sita kwa kila upande wa taya, yakisukumana kutoka nyuma kwenda mbele. Lakini ya zamu ya mwisho yakishaisha, tembo mzee hudhoofika kwa njaa akiwa katikati ya majani.

Nilimsomea mama habari kwamba mwaka 2024 hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, ilianza kuwajaribia watu dawa inayokusudiwa kuamsha chipukizi za seti ya tatu, zinazodhaniwa kulala kwenye ufizi. Mama yangu ni kibogoyo wa miaka kumi sasa, na husema ufizi wake umekuwa mgumu kiasi cha kutafuna bisi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hayo ya tatu nayo huuma yakiota. Nikasema labda. "Basi wabaki nayo."

Kilichonifanya nilifiche jino la kitindamimba badala ya kulirudisha kwa mjusi ni jambo nililosoma miaka mingi iliyopita na ambalo halijaacha kunisumbua. Jino ni daftari. Enameli huanza kuwekwa mtoto akiwa tumboni, mimba ikiwa na miezi kama minne, na seli zinazoiweka hufanya kazi kwa zamu ya usiku na mchana kama walinzi. Kila siku huongeza tabaka lenye unene wa mikroni 4 hivi, na kila siku huacha alama. Ukilikata jino kuwa kipande chembamba na kukiweka chini ya hadubini, siku hizo huonekana, zimejipanga kama pete za mti, ila pete ya mti ni mwaka na hii ni siku. Mtu mwenye subira anaweza kuzihesabu.

Katikati ya mistari hiyo upo mmoja uliokoza kuliko mingine. Huo ni wa kuzaliwa. Seli zilikuwa zinafanya kazi kwa utulivu wa tumboni, ghafla zikakutana na baridi, hewa, njaa na kelele, zikayumba, kisha zikaendelea. Mstari huo upo kwenye meno yote ya utoto ya mtoto aliyezaliwa hai akaishi japo siku kadhaa, na wanaochunguza mifupa ya watoto huutumia kujua kama mtoto alizaliwa mfu au alipata kuishi. Kwenye kichupa changu cha iliki umo basi ule usiku wa mvua za masika tuliokwama kwenye foleni barabara ya Bagamoyo, baba mtu akipiga honi na mimi nikimwambia honi haisaidii. Hapo ulipo mstari, hapo ndipo tulipofika hospitali.

Magonjwa nayo huandikwa. Homa kali au utapiamlo vikimpata mtoto wakati jino linaundwa, enameli hupata mstari au shimo ambalo halifutiki, kwa sababu enameli ikishakamilika haina seli hai za kuirekebisha. Mfupa uliovunjika huungana. Enameli hukumbuka.

Kifungua mimba wangu alipokuwa na miezi saba alipata homa, na mtu mmoja mwema, kwa nia njema kabisa, akanishauri atazamwe meno ya plastiki. Tanzania wengi wanaijua habari hii: mtoto anaharisha au ana homa, mtu anamfunua ufizi, anaona uvimbe mweupe mahali zitakapoota chonge, anasema hayo ndiyo meno ya plastiki yanayomuua, na anayachokoa kwa njiti ya baiskeli au kisu. Kinachotoka ni chipukizi la jino halisi la mtoto, laini na jeupe kwa sababu bado halijakomaa. Watoto wamekufa kwa kuvuja damu na kwa maambukizi, na waliopona wengi wana pengo mahali pa chonge, au chonge ya ukubwani iliyoota vibaya kwa kuwa iliumizwa ikiwa bado inaundwa chini yake. Kosa la hesabu ndilo linaloanzisha yote haya. Miezi sita ndio wakati kinga aliyopewa mtoto na mama yake inapopungua, na ndio wakati anapoanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, mchanga, ndala, mkia wa paka. Meno huota wakati huo huo, yakasingiziwa. Kuota meno humpa mtoto udenda na kero, na joto kidogo pengine, lakini homa ya kweli ina sababu nyingine, na katika pwani hii ya mbu sababu ya kwanza kupimwa ni malaria. Tulipima. Ilikuwa malaria.

Mtoto huyo huyo ndiye niliyemwachisha ziwa kwa shubiri. Alikuwa amekaribia miaka miwili, mimi nimechoka, na mama alikuwa amenyamaza kwa namna ya mama anayesubiri kuombwa ushauri. Nikapaka. Akaja, akaonja, akakunja uso wote kama karatasi. Akanitazama kwa muda. Kisha akateremka kitandani, akaenda jikoni kwa miguu yake mifupi, akarudi na kikombe cha plastiki chenye maji, nusu yamemwagika njiani, na akaanza kuniosha.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha katika jarida la Nature njia ya kusoma siku kama hiyo kwenye jino. Madini ya bariamu huwa kidogo kabla ya kuzaliwa, kwa kuwa kondo la nyuma huzuia mengi yasipite, kisha hupanda mtoto anaponyonya, na hubadilika tena maziwa ya mama yanapopungua. Walipima meno ya watoto ambao mama zao waliweka kumbukumbu ya kunyonyesha, wakaona jino linakubaliana na daftari. Halafu wakapima jino la mtoto wa Neandertali kutoka pango la Scladina, Ubelgiji. Mtoto huyo alinyonya maziwa matupu kwa miezi 7, akachanganyiwa na chakula kwa miezi mingine 7, kisha bariamu ikashuka ghafla. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili hivi. Ghafla namna hiyo si kawaida, na kama mama yake alikufa, au alipata ujauzito mwingine, au walitengana, jino halisemi. Nikisoma kuhusu pango lile huwa naona kikombe cha plastiki.

Mume wangu daftari lake liko wazi, halihitaji hadubini. Amezaliwa Arumeru, na meno yake ya mbele yana rangi ya kahawia, kama ya wengi waliokulia kwenye miteremko ya Meru na sehemu za Kilimanjaro, ambako maji hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na ziko chemchemi za huko zinazoupita mara nyingi. Hata magadi, yale tunayotia kwenye maharage yaive upesi, yanaweza kuongeza. Madoa huingia enameli inapoundwa, miaka ile ya mwanzo. Yeye aliletwa Dar es Salaam akiwa na miaka saba na amepiga mswaki asubuhi na jioni kwa miaka thelathini, na bado jirani wa kwanza kutuhamia hapa Mbweni alidhani anavuta sigara. Binti yetu wa kati alipokuwa chekechea, mwalimu aliuliza nani anajua madhara ya kutopiga mswaki. Mkono ukapanda. "Baba yangu."

Baba mtu alicheka. Ila jioni ile nilimkuta mbele ya kioo, akijaribu kutabasamu huku amefumba mdomo.

Zamani meno ya watoto yaliwahi kusafiri kwa posta kwa ajili ya jambo kubwa. Katika mji wa St. Louis, Marekani, kuanzia mwaka 1958, wanasayansi na akina mama, wakiongozwa na daktari Louise Reiss, waliwaomba watoto wasiyaweke meno yao chini ya mto, wayatume. Nchi kubwa zilikuwa zinalipua mabomu ya nyuklia hewani, na strontiamu-90, yenye mionzi, ilikuwa ikishuka na mvua kwenye majani, ikaingia kwenye ng'ombe, kwenye maziwa, na mwishoni kwenye meno, kwa kuwa mwili huidhania ni kalsiamu. Kila aliyetuma alipata beji. Hadi mwaka 1970 yalikusanywa meno kama 320,000. Matokeo ya mwanzo yalitoka mwaka 1961 na kuonyesha kwamba strontiamu hiyo ilikuwa ikiongezeka kwa watoto mwaka hadi mwaka, na yakatia nguvu sauti za waliotaka mkataba wa 1963 uliopiga marufuku majaribio ya hewani. Binti wa kati nilipomsimulia alitaka kujua beji ilikuwa ya rangi gani na kama posta ya Tegeta inapokea meno.

Pengo la mbele lina burudani yake. Kwa wiki kadhaa kitindamimba alihesabu "tano, thita, thaba", kwa kuwa hewa ya s inahitaji ukingo wa meno ili ikatwe, na ukingo haupo. Akifika thelathini alitamka vizuri kuliko sisi sote, na mjomba wake kutoka Unguja akasema huyu ndiye pekee katika nyumba hii anayejua Kiswahili. Sauti ya f nayo ilimpa shida, maana huundwa kwa meno ya juu kugusa mdomo wa chini. Mwaka 2019 lilitoka andiko katika jarida la Science likisema kwamba f na v huenda zilienea duniani baada ya watu kuanza kilimo: waliokula vyakula vigumu meno yao yalisagika mpaka ya juu na ya chini yakakutana ncha kwa ncha, lakini uji na ugali viliyaacha ya juu yakitangulia mbele kidogo, na mdomo wa chini ukapata pa kugusa. Wapo wataalamu wa lugha wasiokubali. Mimi napenda kuamini kwamba bila uji tusingekuwa na neno fujo, ingawa fujo yenyewe ingekuwapo.

Wakati wote huu tunashangilia meno ya mbele, kuna jino kubwa linaota nyuma kabisa bila sherehe. Gego la kwanza la ukubwani hutokeza karibu na miaka sita, halimng'oi mtu, linakuja tu na kukaa mwisho wa safu, na wazazi wengi hudhani ni la utoto, litang'oka. Haling'oki. Likioza ndilo hilo hilo.

Gego hilo ni saa. Sokwe wa Gombe na Mahale hulipata wakiwa na miaka mitatu au minne. Sisi miaka sita. Sokwe huwahi kukua, binadamu huchelewa. Mwaka 1924 huko Taung, Afrika Kusini, lilipatikana fuvu la mtoto wa zamani sana ambaye gego hilo lilikuwa limetoka kuota, na kwa miaka 60 wataalamu walimhesabu kuwa wa miaka sita kama mtoto wa kisasa. Mwaka 1985 Timothy Bromage na Christopher Dean walihesabu mistari kwenye meno ya watoto wa kale wa aina hiyo, wakaona walikua upesi zaidi: mtoto wa Taung alikuwa na miaka mitatu na kitu. Kwa hiyo utoto huu mrefu, huu wa kuulizwa "kwa nini" mara arobaini kabla ya kufika Tegeta, ni mpya kwa kipimo cha mamilioni ya miaka. Hata Zinjanthropus wetu, aliyeonwa na Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959 kwanza kwa mfupa na meno yaliyochungulia kutoka ardhini, magego yake ya mwisho yalikuwa bado hayajasagika. Alikuwa kijana. Fuvu lake liko hapa mjini, Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Niliwapeleka wote watatu. Walimtazama kwa heshima kwa dakika moja, kisha wakauliza kama kuna aiskrimu.

Serikali pia zimewahi kutumia saa hii. Uingereza sheria ya mwaka 1833 ilikataza kuajiri watoto chini ya miaka 9 kwenye viwanda vya nguo, watoto hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, na mwaka 1837 daktari wa meno Edwin Saunders aliandika kitabu akionyesha kwamba meno husema umri kwa ukweli kuliko kimo. Kwetu kipimo kilikuwa kingine. Mama yangu aliandikishwa darasa la kwanza kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Mwaka wa kwanza vidole havikufika, akarudishwa nyumbani, na alilia njia nzima, anasema, akiuvuta mkono ili urefuke.

Wiki iliyopita nilikuwa nafua sare. Kwenye mfuko wa kaptula ya kifungua mimba nilikuta shilingi mia mbili, kifuniko cha kalamu na gego. La utoto, la pili kutoka mwisho wa safu, pana, limetoboka kidogo upande mmoja. Yeye ana miaka kumi na miwili. Nikapitia kichwani, nikahesabu: hilo ndilo la ishirini. Liling'oka lini? Jumatatu, akasema, shuleni, kwenye hesabu. Kwa nini hakusema? Akainua mabega. Alisahau.

La kwanza lake tulilipiga picha, tukampigia bibi simu, baba mtu akaacha mpira wa Simba na Yanga dakika ya themanini. Nilimuuliza kama anataka tulirushe. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anataka kubebwa mgongoni, akasema, "Mama, bwana," akaendelea na simu yake.

Nikamwomba afungue mdomo. Akafungua, kwa kuwa bado ni mtoto mtiifu akihisi jambo litaisha upesi. Nikawasha tochi. Kule nyuma lilikuwa gego lake la miaka sita, sasa la miaka sita ya kutumika, lina kipande cha muhogo. Gego hilo huanza kugandishwa karibu na siku ya kuzaliwa, hata mara nyingi mstari wa kuzaliwa humo nao umo, na kichwa chake huendelea kujengwa mpaka mtoto akaribie miaka mitatu. Malaria ile ya miezi saba imo. Kikombe cha maji kimo.

"Unatafuta nini?" akauliza, mdomo wazi, kwa hiyo ilisikika kama "uaaua ini".

"Muhogo," nikasema.